Mahali pa Mihogo ya Mama Rachida

Mama Rachida ana macho ya mtu aliyeamka sasa hivi, hata saa sita mchana. Mimi ni fundi baiskeli, na kibanda changu kiko juu ya kijito cha Kalubi, pembeni mwa Kasongo. Kila siku nilimwona akishuka, akikaa juu ya jiwe, akifumba macho. Nilidhani anasali. Kumbe alikuwa anasikiliza maji ya zamani.

Maji yaliyokuwepo hayakuwa na la kusikilizwa. Machinjio yalitiririsha damu, wachemsha sabuni wakamwaga yao, mitaro ya soko ikaleta mengine nisiyotaka kuyataja. Kalubi ikawa nyeusi na nzito, ikapita bila sauti. Nilikasirika mpaka nikazoea, na kule kuzoea kukaniudhi zaidi.

Yeye hakuzoea. Katika ukoo wa marehemu mumewe, bibi harusi hapiki bukari, ugali wa mihogo, ukweni kabla mama mkwe hajampeleka kijitoni, mahali pake pa kuloweka mihogo, wakaitumbukiza pamoja. Yeye alipelekwa hivyo. Mama mkwe wake alikufa zamani, lakini alimjia usingizini, kitenge kimelowa mpaka magotini, akimwita majini. Na sasa mwanawe Iliasi alikuwa amechumbia Sonia.

“Huyu binti atakuja,” aliniambia, “na mimi nitamuonyesha nini? Matope?”

Serikali ilipotoa pesa za kuponya kijito, nilicheka. Nilicheka mapema mno. Watu wa mtaa waliajiriwa, wakazoa tope, wakachimba mashimo ya kutuliza maji ya sabuni, wakapanda matete. Damu ya machinjio ilibebwa kwa mkokoteni, kwa muda tu. Fabrice, msimamizi wa kazi, alitueleza kwamba hiyo ni sehemu ya kwanza ya pesa. Akipima maji akayakuta safi, itatoka ya pili, ya kujenga shimo la machinjio lenyewe.

Asubuhi moja mchanga wa chini ukaonekana. Mama Rachida akalia waziwazi. Harusi ilipopita tu, akamshika Sonia mkono, wakashuka, wakatumbukiza mihogo yao polepole kama watu wanaolaza mtoto. Wanawake wa kilima kizima walipoona, nao wakashuka na vikapu. Hakuna aliyefikiri mara mbili. Mihogo ni chakula, nani angeiita uchafu?

Fabrice alipokuja na chupa zake, Kalubi ilikuwa povu jeupe kutoka ukingo hadi ukingo. Ilinuka. Visamaki vilielea matumbo juu.

“Nani alianza kutia mihogo humu?”

“Ni mimi, mwanangu,” alisema Mama Rachida. “Ni mahali pangu.”

“Mama, nikipima maji hii leo, ile feza ya pili haitoki. Damu itarudi.” Akatazama povu, akashusha pumzi. “Niende kwanza Nyangwe, niko na kazi kule. Nitapima juma lijalo. Lakini mihogo isirudi humu. Hata kesho, hata mwaka kesho.”

Nilitaka kumtetea mama wa watu. Mwenyewe hakuningoja.

Mama Rachida aliingia majini na kitenge chake, akatoa mihogo yake iliyoanza kulainika, akaibeba mpaka kwenye pipa nyuma ya nyumba. Wenzake wakamfuata wakinung'unika.

Juma lililofuata Fabrice alijaza chupa zake, akatabasamu. Jioni ile Mama Rachida alishuka tena na Sonia, mikono mitupu. Maji yalikuwa yanasema.

“Hapa njo mahali mama mukwe alinileta.”

“Na mimi, mama, mukwe wangu nitamuleta hapa kufanya nini?”

Mama Rachida alichota maji kwa kiganja, akayaachia.

“Aangalie maji,” alisema. “Wewe umuambie mihogo ilikuwaga wapi.”

Tangu siku ile, ameniambia, mama mkwe wake hamjii tena usingizini. Kalubi ni safi, na yeye bado anashuka kukaa juu ya jiwe lake, macho wazi, akimngoja.