Mkanda wa Chumvi kwenye Kidole cha Dada

Usiku wa kuamkia leo umenigharimu usingizi, shuka lililolowa jasho, na imani yangu yote kwa mita niliyoipata kwa mabishano ya asubuhi nzima.

Jioni nilikuwa nimempima dada yangu Tatu, ambaye kiharusi kimemlaza mkono wa kulia. Mimi ni fundi redio, na mkanda niliutengeneza mwenyewe: jeli yenye chumvi, laini kama ulimi, inavutika kama mpira, na umeme ndani yake hubebwa na chumvi. Unabandikwa juu ya kidole. Kidole kikikunjika, mkanda unavutika na kuwa mwembamba, ukinzani, yaani ugumu wa umeme kupita, unapanda; kikinyooka, unashuka. Leo kliniki wanataka jibu. Kidole kikionyesha dalili ya kusogea, mazoezi yanaendelea. Kisipoonyesha, nafasi yake anapewa mwingine. Lakini namba zilipanda tu bila kushuka, hata nilipomwambia atulie.

"Pima tena," alisema.

"Nimeshapima mara mbili, dada."

"Basi niuze kwa kilo, mdogo wangu. Labda mzani utaniweza."

Nikalala. Na Mwalimu Nasra, aliyenifundisha kupima umeme chuoni, ambaye nilitia udongo kaburini kwake kwa mikono yangu hii, alikuwa ameketi kwenye benchi langu la kazi. Nikamwamkia. Shikamoo yangu haikuitikiwa. Alikuwa ameshika ncha ya mkanda. Ncha ya pili ilipita mlangoni, ikateremka barabarani, sikuona ilikoishia.

Naufuata. Ni mchana, lakini hakuna chenye kivuli. Mkanda unapanuka, sasa ni ukumbi, kuta zake zinapitisha mwanga na zinatetemeka nikizigusa. Ndani wanatembea watu weupe kama chumvi, kimya, wote upande mmoja. Mbele kuna mlango wa chuma. Hapiti mtu. Wanaofika wanasimama, wanaofuata wanawabana kwa nyuma. Nawahesabu. Narudia. Kila nikirudia wameongezeka. Na katikati yao kuna mgongo ninaoujua: dada Tatu, kitenge chake kilekile, mkono wa kulia unaning'inia.

"Dada, rudi!"

Hageuki. Hana pa kugeukia.

Mwalimu yuko nyuma yangu. Pumzi yake haina joto.

"Nani amewasukuma hapa?"

"Mita, mwalimu. Na nimepima mara mbili."

"Umewasukuma upande uleule, mara zote mbili. Waya wa shaba ungekuvumilia. Chumvi hurundikana mlangoni, nawe unahesabu msongamano ukidhani unapima njia. Waache waende, warudi."

Anagonga ukuta kwa kidole. Umati wote unageuka kwa pamoja, na hauna nyuso. Dada peke yake ndiye mwenye uso, ananitazama kama mteja aliyepunjwa.

Nikaamka. Nje kulikuwa bado giza. Niliiacha mita yangu mezani, nikachukua kifaa kingine cha karakana, kinachopima kwa umeme wa kwenda na kurudi, si wa upande mmoja, nikanyata hadi chumbani kwa dada. Alikuwa usingizini, anakoroma. Nikambandika mkanda, nikaunga waya.

Namba ikatulia mahali pamoja, kwa mara ya kwanza. Kisha ikapanda kidogo, ikashuka. Ikapanda, ikashuka. Nikadhani ni waya umelegea, nikaukaza. Ndipo nikatazama kidole chenyewe. Kinakunjika na kunyooka, polepole, kama cha mtoto anayeshikwa mkono kufundishwa kuandika. Nikamgusa kiganja cha mkono huo: baridi. Cha kushoto kilikuwa cha moto.

Naandika haya nikiwa kando ya kitanda chake. Kunapambazuka, na kidole hakijapumzika. Nyinyi mliowahi kutembelewa na marehemu, nishaurini kabla kliniki haijafunguliwa: nimwamshe, nione kama ataweza akiwa macho, au nimwache kwanza aliyemshika mkono amalize kazi yake?