Kiyunani cha Elphas

Miaka mitatu tulimwamini Elphas, na hilo bado linaniudhi. Alikuwa mlinzi wa ghala la vitambaa huko Al-Dirah, Riyadh, na kila Ijumaa mchana alituhubiria Wakenya kama arobaini kupitia kikundi cha WhatsApp. Mimi ni dereva. Nilimsikiliza garini nikimsubiri bosi. Wengi wa wenzangu walikuwa akina dada wa kazi za nyumbani, waliomsikiliza huku wakipiga pasi.

Kilichompa ukubwa ni Kiyunani, yaani Kigiriki. "Biblia yenu ya Kiswahili imechujwa," alipenda kusema. "Mimi nasoma ya asili." Kisha angeshusha sauti na kutoa maneno yaliyoishia yote na os, akiyakwaruza kooni kama mtu aliyekwamwa na mwiba wa samaki. Sisi tukaandika Amina, yangu ikiwemo. Hakuna aliyeuliza alikisomea wapi.

Truphena peke yake alikuwa na shaka, ila alinyamaza. Ni mama wa watoto wawili kutoka Vihiga, mpishi katika nyumba moja ya Al-Rawdah, Jeddah. Bosi wake ni mhandisi Mgiriki, na mke wa bosi, Madam Stamatia, hushinda kwenye simu akiongea na dada zake. Wiki ya kwanza Truphena alidhani wanagombana. Baadaye masikio yakazoea. Akaanza kusikia th ya thamani, dh ya dhahabu, gh ya ghali, na irabu zilezile tano alizofundishwa darasa la kwanza.

"Ukiwa mbali," aliniambia, "utadhani ni mtu wa Lamu anaongea haraka, mpaka utafute maana uambulie patupu."

Alijua hata vineno. Madam akiridhika husema "endaksi", yaani sawa. Mara ya kwanza Truphena alisikia "enda, teksi", akatoka mbio hadi barabarani.

Mikwaruzo ya Elphas haikufanana na hayo hata kidogo. Truphena alijiambia labda Kiyunani cha Biblia ni kingine.

Ijumaa moja sauti ya dada mmoja, Fridah, anayefanya kazi Riyadh, ikaingia ikitetemeka.

"Pasta, niliungua mkono na mafuta. Leo siku ya nne, unatoa usaha. Madam amekataa kunipeleka hospitali. Nataka kumshtaki kwa ofisi ya kazi."

Elphas hakumuuliza hata mkono upi.

"Dada Fridah, mtumishi kwa Kiyunani ni stumilos. Maana yake, asiyefungua kinywa. Ukimshtaki kafili, bosi aliyekudhamini huku, umemshtaki Mungu."

"Sawa, Pasta," Fridah akajibu.

Truphena aliacha pasi, akamfuata Madam Stamatia sebuleni, akamtajia lile neno. Madam alikunja uso.

"Mafi," alisema kwa kile Kiarabu chao cha jikoni, yaani hakuna. "Hakuna neno kama hilo. Hata Kigiriki cha kale nilikisoma shuleni, halimo."

"Basi nisemee kitu kwa Kigiriki hapa kwenye simu, madam. Chochote, hata cha jikoni."

Madam akasema, polepole na kwa sauti tamu. Truphena akairusha sauti ile kwenye kikundi.

"Pasta," akasema, "nimepata ujumbe huu wa Kiyunani. Tusaidie tafsiri."

Elphas akakohoa kwa mbwembwe.

"Ni Zaburi," akatangaza. "Bwana anasema, binti yangu vumilia, taji lako liko tayari. Anayeitafsiri tofauti ni wa yule mwovu."

Amina zikamiminika. Niliandika mbili.

"Pasta, huyo ni madam wangu," Truphena akasema. "Amesema nitoe samaki kwenye friji, ninunue limau tatu, na nisimletee vitunguu vilivyooza. Fridah, dada yangu, hakuna stumilos. Mkono wako unaoza kwa neno ambalo huyu amelitunga akiwa amekalia ndoo ghalani. Piga simu ofisi ya kazi sasa hivi. Namba nakutumia."

Elphas alijibu kwamba hiyo ni lahaja ya mashetani, kisha akamwondoa Truphena kwenye kikundi. Nami nikajiondoa, kwa aibu zaidi kuliko ushujaa.

Fridah alipiga simu jioni ile. Siku mbili baadaye alifikishwa hospitali, na baada ya wiki tano akahamia kwa kafili mwingine. Vidole viwili havikunjiki tena vizuri.

Elphas bado anahubiri. Zaidi ya nusu ya wale arobaini walibaki naye, na nasikia siku hizi amehamia Kiebrania. Nilimuuliza Truphena kama hakumwonea huruma, kuumbuliwa vile mbele ya watu.

"Huruma ya nini?" akasema. "Angenyamaza tu, angefanana na msomi."