Siku mipira ya mbio ilinikalisha juu ya muko wangu

Minyi sina haya ya bintu mingi. Nilizaa mutoto mu treni, katikati ya mizigo ya bantu, nilimupiga polisi na mwiko, na nililala mu kanisa ku kiti ya mbele mpaka pasta akanyamaza aningojee nimalize kukoroma. Lakini iko siku moja, bantu ya Kamina bakitaka kunifunga kinywa banaitaja ile tu, na minyi naanza kuangalia pembeni sawa muntu mwenye kutafuta mbuzi yake. Bon, leo nitaisema mwenyewe, mbele bengine bamalize kuiharibu.

Ilikuwa mu ile myaka ya vita. Basoda balikuwa banapita na kukamata kila kintu yenye injini, na marehemu bwana yangu, aliyetumika ku reli, alikuwa ameniachia mutuka ya zamani, rangi ya yai iliyooza, na magurudumu yake kidogo sana, janti moja, ile chuma ya katikati, unaweza kuipakulia bukari ya unga ya bantu babili na bakashiba. Kusudi basoda basiichukue tuliitoa magurudumu, tukaikalisha juu ya matofari, tukaacha kuku bataage mayai ndani. Basoda banachungulia, banaona mavi ya kuku, banaenda. Mipira ya magurudumu tulizika nyuma ya nyumba. Unaona ile akili? Kiisha (musinicheke) njo minyi mwenyewe nilitoa amri siku moja lupango, kiwanja yetu, ifagiliwe na takataka ichomwe, na bakaichoma wapi? Palepale juu ya shimo. Tulipofukua, mipira yote ine ilikuwa imeshikamana sawa bukari iliyosahauliwa ku moto.

Nilinyamaza nayo. Lakini mujukuu yangu Mado akapata muchumba, na si muchumba ya hivihivi: mwalimu, mutoto ya familia ya makarani ba Metodisti, bantu ya kuvaa soksi hata nyumbani, nafikiri hata mbwa yao anajua kusaini jina. Shiye tunalima na kuuza samaki ya Kinkondja, na arufu yake hatuifiche. Basi nikasikia ku soko kwamba mujomba ya ule kijana amesema, "Bibi-arusi ya kwao atakuya juu ya kinga, sawa mufuko ya unga." Juu ya baiskeli! Mujukuu yangu minyi! Basoda balikuwa bangali ku barière, pale banafunga njia, lakini hasira ikanisahaulisha. Nikasema, Mado atashuka mbele ya kanisa kutoka mu mutuka, na bale bantu batafunga vinywa, ama minyi sitaitwa tena Kambo ya bajukuu yangu.

Nikaenda kwa Papa Zefirini, muuza mipira. Alikuwa na mipira ya malori, mirefu kama minyi, lakini ya mutuka kidogo alikuwa nayo namna mbili tu. Namna ya kwanza ilikuwa nyembamba, ya kutumika tayari, imejaa vumbi, na meno marefu sawa ya mamba. Ya pili, ee mama! Mipana, nyeusi ya kungaa, laini sawa shavu ya mutoto, na maandiko nyeupe ubavuni.

"Hii iko ya mbio, mama," akasema. "Bazungu banashindana nayo. Ilikuya na treni ya Lubumbashi."

"Itaingia mu mutuka yangu?"

Akaweka kidole ku namba ya mupira. "Janti yako ni kumi na tatu? Na hii ni kumi na tatu. Namba haidanganye."

"Na bei?"

Hapo njo nilipaswa kushituka, sababu ile ya mbio ilikuwa bei chini kuliko ile ya mamba. Muntu mwenye akili angejiuliza, mbona kintu nzuri hivi iko hapa tangu mwaka jana na hakuna mwenye kuitaka? Minyi nikajiambia, Kamina yote ni bajinga, isipokuwa minyi. Nikaibeba.

Sasa mutajua shida yangu. Mu familia yetu iko muntu mumoja anaejua mutuka kabisa: Ilunga, baba ya Mado, bwana ya mutoto wangu. Ameendesha malori ku njia ya Kabongo miaka na miaka. Lakini yeye ni muko wangu, na kwetu Baluba mama ya bibi na bwana ya mutoto wake habaonane uso, habale pamoja, habaguse hata kitambaa. Akinikuta njiani anaingia mu majani. Minyi nikimwona anakuya, najifunika kikwembe ku kichwa. Njo heshima ya buko. Basi siku Kasongo, mutoto ya dada yangu, alikuwa anafunga ile mipira, Ilunga akakuya kusimama nyuma ya ua ya lupango, na ndani ya mutuka kulikuwa kuku mumoja mweupe, anaotamia chini ya kiti ya nyuma, hakutaka kutoka hata tukimufukuza na ufagio. Ilunga akasema naye, kusudi minyi nisikie.

"Weye kuku," akasema, sauti kubwa, "ambia mama kama hii mipira iko ya gudron, njia ya lami. Janti inaenea, ndiyo, lakini mupira ni mupana kupita mutuka. Ukikata kona, itasugua chuma ya juu. Tena meno haina. Mvua ikinyesha, ni sabuni."

Minyi nikageukia kuku. "Weye kuku, ambia ule muntu kama hatuende kuvuna mihogo. Tunaenda ku ndoa."

"Kuku, ambia mama arudishe, achukue ile nyembamba."

"Kuku, muulize ile nyembamba iko na maandiko nyeupe?"

Kuku akatuangalia na jicho moja. Ilunga akaenda zake. (Angekuwa muntu mwengine ningemupa nafasi ya kubisha, lakini na kuku kati yenu mabishano inaisha mbio.)

Asubui ya ndoa mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Kasongo akashika usukani, mandevu imechanwa, minyi mbele na kitambala ya wax mupya ku kichwa, Mado nyuma na kanzu nyeupe, na kuku chini yake, sababu tulishindwa kumutoa. Ilunga hawezi kupanda na minyi, basi alitangulia na miguu. Na niambie ukweli: mu barabara ya kunyooka, nilikuwa malkia. Bantu banatoka mu malango, batoto banakimbia, minyi napunga mukono. Tulipofika mbele ya kanisa, korali ikaanza kuimba, familia ya soksi yote imesimama ku ngazi, mujomba mbele yao na kofia, na Kasongo akakata kona ya kuingia.

Mutuka ikalia sawa nguruwe anaechinjwa.

"Kata!" nikasema.

"Inasugua, Kambo! Haikate!"

Tukapita. Korali inaimba, shiye tunapita, minyi napunga mukono tena sawa tulipanga hivyo. Kasongo akaenda mpaka penye njia ni pana, akageuza polepole, nguruwe analia, tukarudi kwa upande ya juu, kwenye muteremuko, pale kando bantu banachimba udongo ya matofari na mashimo imejaa maji. Akakanyaga freni. Ah! Ilunga alisema sabuni, lakini sabuni ina huruma. Mutuka ikageuka yenyewe, kitako mbele, polepole kabisa, ikaenda kulala mu shimo ya matofari, upande yangu chini.

Muntu mwenye akili angebaki ndani. Minyi nikafungua mulango. Nikaanguka mu potopoto mpaka kifua, kitambala ikaenda kwake, na banaume bote ba Metodisti bakasimama pembezoni banafikiria viatu. Muntu mumoja tu aliruka: Ilunga, anakimbilia mutoto wake. Macho yake imejaa matope, mukono ya kwanza aliyoona ilikuwa yangu, akaivuta na nguvu ya lori. Akateleza. Akaanguka kwa mugongo, na minyi, na mwili hii munaijua, nikakaa juu ya tumbo yake, uso kwa uso, mbele ya Mungu na korali.

Kuimba ikakatika. Bamama bakafunika macho. Minyi nataka kusimama, nateleza, nakaa tena. Kila nikikaa Ilunga anatoa sauti sawa baluni. Na Mado, kichwa yake imetoka mu dirisha, analia:

"Kambo, toka juu ya papa!"

Hata basoda ba ku barière, bale niliobaogopa mpaka nikazika mipira, bakakuya kuangalia. Mukubwa yao akazunguka mutuka, akagusa mupira na kiatu, akasema, "Hii apana. Tutaenda na miguu."

Kiisha mujomba akavua kofia, na hapo kicheko ikaniishia. "Buko imevunjika mbele yetu," akasema. "Hatuwezi kuoa juu ya jambo hii. Turudi nyumbani."

Pasta akasema mu kanisa hakuna maneno ya namna ile.

"Pasta," mujomba akamujibu, "kanisa iko mule. Shimo iko hapa."

Na bakaanza kugeuka kweli, mumoja mumoja, mama ya kijana kwanza. Nilimwona Mado uso yake. Kwa maandiko nyeupe nilikuwa nimemuvunjia ndoa. Nikafungua kinywa niombe, mara ya kwanza tangu nizaliwe, na sauti haikutoka. Iliyotoka ni kuku. Alipita juu ya kichwa ya Mado, anapiga kelele, mweupe pe, akaanguka mbele ya viatu ya mujomba. Na munajua, buko ikivunjika, ni kuku mweupe njo anaitengeneza.

Mujomba akamuangalia. Akaniangalia minyi mu matope. "Bamekuya naye tayari," akasema polepole. "Balijua." Sikumusahihisha. Na mwalimu, ule kijana, akavua viatu, akavua na soksi, akaingia mu shimo kumubeba Mado. Tangu pale nilimupenda.

Baada ya kanisa kuku akachinjwa, akapikwa, bakatuweka shiye babili kwenye sahani moja, minyi na Ilunga, tule pamoja, jambo imalizike na katazo iishe. Nilichukua bawa, yeye paja. Akatafuna. Miaka yote ile, maneno yake ya kwanza ku uso yangu ilikuwa:

"Mama, kuku alikuambia?"

Nikameza. "Aliniambia. Lakini alikuwa na sauti yako."

Ile mipira leo nguruwe banakunywa maji ndani yake, na mutuka inatembea na ile ya meno ya mamba, mbaya kuangalia, lakini inakata kona. Minyi sitanunua tena hata mupira ya kinga mbele nimuulize Ilunga, uso kwa uso, sawa sheria inavyoturuhusu sasa. Na yeye, niliyemuzania muntu ya maneno kidogo, akianza kujibu juu ya mipira jua inatua, bukari inapoa, na minyi nakaa pale natazama chini, namukumbuka ule kuku.