Nati ya Shokapu ya Nyuma

Hadi leo nikisikia gari likigonga chini, ngo, ngo, kama mtu anayebisha mlangoni kwa kifundo cha kidole, mabega yangu hupanda yenyewe. Mume wangu hunicheka. Sijawahi kumweleza vizuri, kwa hiyo acha niwaeleze ninyi.

Nilikuwa na miaka tisa, tunakaa Kasulu. Baba alikuwa akinunua maharage Kitanga na kuyapeleka Kibondo, na mwaka huo alinunua kigari chake cha kwanza, cheupe, kile cha milango mitano ambacho buti limeungana na viti vya nyuma. Jumapili alikipaki mbele kabisa ya kanisa ili kila anayetoka akione. Shokapu za nyuma zilipochoka, alinunua mpya na kumpa Mjomba Dismas azifunge.

Mjomba Dismas alikuwa kaka yake mama, fundi mwenye gereji ya mabati karibu na soko. Wazazi wao walivuka kutoka Burundi, ila yeye na mama walizaliwa hapa hapa Kasulu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Ukimuuliza jambo anajibu "ego" au "oya", ndiyo au hapana ya Kirundi, anaendelea na kazi.

Wiki mbili baadaye, baba akiwa ameshalifunga na spika za redio, gari likaanza kugonga. Baba alisikiliza siku tatu, amekaza taya, siku ya nne akaenda gereji. Nilikuwa naye. Mbele ya wateja alimwambia mjomba kwamba ameuza shokapu mpya na kufunga mitumba. Kisha akaongeza, "Nyie Warundi ndivyo mlivyo. Unamkaribisha mtu mezani, anaondoka na sahani."

Mjomba alifuta mikono polepole. "Shemeji, niachie gari nilisikilize."

"Hutaligusa tena. Na kwangu usikanyage."

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa na baridi ambayo blanketi haliwezi kuitoa. Mama alipakua chakula, akakiweka mbele ya baba bila kumtazama. Baba alipeleka gari kwa fundi wa Kibondo, akabadilisha bushi na boljointi, vile viungo vya magurudumu ya mbele. Likarudi linagonga vile vile. Kila tulipopita kwenye shimo baba alisema, "Msikilize kaka yako huyo," na mama aligeuzia uso dirishani. Mimi nilikaa nyuma upande wa kulia, na kelele ile nilikuwa nayo sikioni. Nilijua haitoki mbele. Nilisema mara moja, nikaambiwa mtoto anyamaze wakubwa wakiongea, ingawa hakuna aliyekuwa anaongea.

Jumapili moja mama alifunga kitenge chake, akatoka kwenda kanisani kwa miguu. Baba alimfuata na gari, akaendesha pembeni yake taratibu, kioo kimeshushwa.

"Mama Editha, panda. Watu wanatuangalia."

"Sipandi mpaka Dismas alisikilize."

Alitembea Jumapili tatu, na vumbi jekundu likamfika magotini. Wanawake wa kwaya wakaanza kuuliza kama baba ameuza gari. Nadhani hilo ndilo lililomshinda baba, akakubali mjomba aitwe.

Mjomba alikuja Jumamosi asubuhi na mfuko wa spana. Alikataa kiti, akakataa na chai. Alikandamiza kila kona ya gari kwa uzito wa mwili wake, akatikisa magurudumu, halafu akanigeukia mimi. "Wewe ndiye unakaa nyuma. Unaisikia wapi?"

Nilimwonyesha. Baba akaguna, "Mtoto anajua nini."

Mjomba alipanda nyuma pamoja nami, akapinda mgongo hadi sikio likagusa ule ubao wa plastiki wa pembeni. Baba akaendesha juu ya matuta ya njia yetu.

"Punguza. Rudi. Pita tena."

Ndiyo maneno pekee mjomba aliyomwambia, na baba aliyatii kama anayemeza dawa chungu.

Tuliporudi, mjomba alifungua mlango wa buti, akabandua kifuniko kidogo cha plastiki pembeni. Mama alisimama nyuma yangu. Palikuwa na ncha ya shokapu na nati juu yake. Mjomba aliigusa kwa vidole viwili tu ikazunguka. Chini ya nati palibanwa waya mweusi.

Mjomba aliutazama ule waya. Kisha akachukua tambara lake, akaliweka juu ya pale na kuacha mkono wake hapo.

"Nati imelegea tu," alisema. "Barabara zetu hizi."

Mimi nilifurahi kwamba hatimaye najua kitu. "Siyo barabara, mjomba. Baba ndiye aliifungua, siku ile anafunga spika. Ule waya ni wa spika."

Hakuna aliyenipiga. Ningeona afadhali wangenipiga. Mama alivuta pumzi. Baba alitazama tambara, akamtazama mjomba, uso umemwiva. "Ungekuwa umeikaza vizuri," alisema, "isingefunguka kirahisi."

Mjomba akaondoa tambara. Alikaza nati hadi mishipa ya shingo ikamtoka, akafuta shokapu vumbi ili baba aone kwamba ni zile zile mpya, akakusanya spana zake. Alimuaga mama kwa Kirundi, kwa sauti ya chini, akaenda. Gari halikugonga tena. Yeye naye hakukanyaga kwetu tena, hata siku ya komunyo yangu.

Kwa miaka mingi nilijisifu kwamba ni mimi niliyemtetea mjomba siku ile. Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipoelewa kwamba mjomba aliuona ule waya kabla yangu, na kwamba aliweka tambara pale ili mtu aliyemwita mwizi mbele ya watu asiaibike mbele ya mke na mtoto wake. Alikuwa amemfungulia baba njia ya kurudi. Mimi ndiye niliyeifunga, na baba akaweka komeo.