Michembe ya Fisi

Miaka yote nimewaambia wanafunzi wangu wa chuo kwamba kipenzi changu cha hadithini alikuwa Sungura mwerevu. Nilidanganya. Nilimpenda Fisi.

Juzi mwanangu alimcheka Fisi kitabuni, nikakumbuka alasiri moja ya utotoni, Bariadi. Bibi alikuwa akichambua pamba barazani, akitusimulia jinsi Fisi alivyodanganywa akalala njaa. Wote walicheka. Mimi nilimwekea michembe yangu, vile viazi vikavu vilivyochemshwa, kwenye ua wa minyaa. Jioni haikuwepo, nikaamini kala.

Nikampigia Mama. "Ile michembe alikula nani?"

"Bibi yako! Tena alinionya nisikucheke. 'Muache. Huyu anamhurumia Fisi, hatanicheka meno yakiniisha.'"