Mama na Ukungu wa Pugu

Mama alikuwa hali chakula. Ndiyo sababu tulisafiri, wala si nyingine. Baba alipofariki, katikati ya miaka ya hamsini, nilikwenda Kibosho, kwetu mlimani, kumchukua Mama, nikamleta Kariakoo, kwenye chumba changu nyuma ya kibaraza nilichoshonea nguo. Mwanzoni alilalamika joto. Baadaye akaacha kulalamika, na hapo ndipo nilipoogopa. Kutwa alikaa kwenye kigoda uani, chakula kinapoa mbele yake, anatazama ukuta.

Mwenye nyumba wetu, Bi Zena, mzaliwa wa Pugu, akaniambia, "Elia, mama yako amepakumbuka kwao. Mpeleke Pugu kwa kaka yangu Mrisho. Kipupwe hiki asubuhi kule ni ukungu mtupu, na ndege, na mbega. Atadhani yuko mlimani."

Nikaona nimepata dawa. Sikutaka arudi. Mimi ndiye mwanawe pekee; kule angekaa na nani?

Saa kumi na moja alfajiri tulitoka, Mama amejifunika blanketi lake la Moshi. Mikokoteni ya mihogo ilikuwa ikiingia sokoni. Tukakata Mnazi Mmoja, majani yakitulowesha miguu, tukapita Mchafukoge penye maduka yaliyofungwa na harufu ya maandazi, hadi stesheni. Mama hakuuliza tunakwenda wapi.

Garimoshi lilipoacha nyumba za mwisho, minazi ilianza kufifia, kisha ikatoweka. Dirisha zima likawa jeupe. Mama akatoa mkono nje, akaurudisha umelowa, akajipangusa nao usoni. Halafu akarudia.

Pugu tulishuka saa moja na kitu. Bwana Mrisho alikuwa akitungoja, mtu mfupi mwenye sweta lililotoboka viwiko.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

"Leo mmeupata ukungu wenyewe. Tembeeni polepole, wala msiseme sana. Wanyama hawatuoni, lakini wanatusikia."

Akatuongoza juu ya kilima, msituni. Sijui niseme vipi jinsi ilivyokuwa. Miti ilikuja mmoja mmoja, ikasimama karibu nasi, ikaondoka. Dudumizi alikuwa akilia bondeni, sauti yake ikishuka kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye mtungi. Paa mdogo, si mkubwa kuliko mbuzi mchanga, alivuka njia, akageuka kututazama, na ukungu ukamfunika akiwa bado anatazama. Kisha juu yetu tukasikia mabawa mazito yakivuma, na kilio kama cha mtoto mchanga.

"Hondohondo," Mrisho akanong'ona.

Niliinua macho kuwatafuta. Nilipoyashusha, Mama hakuwapo.

Nilimwita, na sauti yangu ikafia palepale. Mrisho akaenda kushoto, mimi kulia, najikwaa kwenye mizizi. Nilijilaumu: nimemtoa mama wa watu kwake, sasa nimempoteza porini.

Nilimkuta chini ya mti mkubwa, amesimama wima, blanketi limemwanguka miguuni. Matawini walikuwa mbega, weusi, mikia yao mirefu myeupe ikining'inia bila kutikisika. Mmoja alimpakata mtoto mweupe pe. Mwingine akanyoosha mikono, akampokea, akamlamba. Mama alikuwa anatabasamu. Nikasimama kando yake. Sijui tulikaa muda gani. Najua tu kwamba jua lilipoanza kupenya, mbega waliondoka mmoja baada ya mwingine, na matone yakatunyeshea.

Kwa Mrisho tulikunywa chai ya tangawizi na mihogo ya kuchemsha. Mama alikula, akaongeza. Mimi nikafurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Jioni, ndani ya garimoshi la kurudi, nilimwambia kwa Kichaga chetu, "Mama, tutakuja kila mwezi."

"Uliponitafuta kule, uliogopa?"

"Sana. Nilidhani umepotea."

"Sikupotea. Nilijua nilipo. Ni Kariakoo nisikokujua, Elia."

"Lakini ukirudi Kibosho utakaa na nani?"

"Na migomba yangu. Na wake wa baba zako wadogo, tunaogombana nao kila siku. Na kaburi la baba yako." Akanishika mkono. "Wewe ndiye huna mtu, mwanangu. Nililiona hilo siku uliyokuja kunichukua. Ndiyo maana nilinyamaza nikakufuata."

Nje, taa za mji zilikuwa zimeanza kuonekana.

Wiki mbili baadaye nilimpeleka kwenye basi la Moshi, arudi Kibosho. Alipanda bila kusaidiwa, akachagua kiti cha dirishani, akaanza kumweleza abiria wa jirani habari za mbega kabla hata dereva hajawasha gari. Nilipunga mkono, nadhani hakuniona.

Watu wa Kariakoo hatuna mazoea ya kwenda kutazama ndege, na mimi kabla ya siku ile ningemcheka anayekwenda. Nilikwenda nikidhani namtibu mama. Nilichojifunza ni kwamba mgonjwa nilikuwa mimi, na kwa miezi mitano mama yangu alikaa kwenye kigoda kile, katika joto lile, akiniuguza.