Mlango wa Akina Mama

Enzi zetu pale Majengo, mjini Meru, nyumba zote zilifanana kama dada: kuta za fito na udongo, paa la madebe yaliyokunjuliwa, baraza mbele ya kukalia wazee, ukumbi mrefu katikati na vyumba huku na huku. Mvua ikigonga yale madebe, mwalimu wa chuo cha Kurani alinyamaza, nasi tukafurahi kimoyomoyo. Nyuma kulikuwa na ua wenye moshi na harufu ya maharage meusi ya njahi na ndizi, na kwenye ukuta wake mlango mdogo wa kupitia kwa jirani.

Huo tuliuita mlango wa akina mama. Mwanamke aliweza kutoka nyumba ya kwanza hadi ya mwisho bila kukanyaga barabara, na hakuna aliyebisha hodi. Ulitokea tu na bakuli lako, ukaomba chumvi, ukakaa saa nzima. Nyanya alizoea kusema, "Hodi ni ya wageni."

Ikaja Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Afisa mmoja mzungu alipokuwa akikagua nyumba aliuliza mlango ule ni wa nini. Nyanya akamjibu kuwa ni wa akina mama. Hakuamini mlango waweza kuwa na kazi ndogo namna hiyo, na amri ikatoka yote izibwe, isije ikapitisha watu wa msituni. Baba aliukandika wetu kimya kimya. Mimi, mtoto wa miaka minane, nililia waziwazi.

Hazikupita wiki mbili, mama akashikwa na uchungu saa sita mchana, siku ambayo mtaa mzima ulikatazwa kutoka nje kwa sababu ya msako. Baba alikuwa ameshachukuliwa kuhojiwa. Mkunga, Bi Rukia, alikaa nyuma yetu tu, lakini akipita barabarani angepigwa risasi. Na mama alikuwa amekwisha kupoteza watoto wawili.

Nyanya akachukua panga. "Rukia, chimba huko!" akaita. Sisi tukachimba kwetu, Bi Rukia akachimba kwake kwa mwiko wa ugali. Alikuwa mnene, akakwama nyonga, nikamvuta mikono huku nacheka na kulia. Alasiri ndugu yangu Habibu akazaliwa, mzima.

Mara askari akaingia, mtu wa Embu kwa matamshi yake. Akaliona tundu. Tukakauka, maana tulijua nyumba zilizobomolewa kwa kosa dogo kuliko hilo. Akasikiliza kichanga kikilia chumbani.

"Hii ukuta imeangushwa na mvua, siyo?"

Mwezi mzima haikuwa imenyesha hata tone.

"Ni mvua, mwanangu," akasema Nyanya.

"Haya, tengenezeni mbio, mbele ya mzungu afike." Nampenda mtu yule hadi leo, na jina lake sikulijua.

Siku hizi Majengo ni maghorofa ya mawe. Hayavuji, nakubali, na wajukuu wangu wanaagiza hata kitunguu kwa simu, kiletwe na bodaboda kutoka duka lililo chini ya miguu yao. Habibu anakaa ghorofa ya tatu. Mwaka jana mjane wa nyumba iliyopakana na yake alifariki, maiti ikakaa siku mbili kabla ya mlango kuvunjwa. Ukuta mmoja ndio uliowatenga kwa miaka minne. Polisi walipomuuliza Habibu jina la marehemu, hakulijua. Alinipigia simu akilia.